Jinsi Tulivyomtibu Ndunge

Majuzi nilienda soko la Gikomba kutafuta mapazia, nikafika wakati muuzaji anakata kamba za belo jipya la mitumba. Mtu yeyote aliyewahi kusimama pale anaijua harufu inayotoka: vumbi la safari ndefu, sabuni ya watu usiowajua, na ile dawa ya nondo inayokwaruza koo. Wanawake wenzangu walijirusha mbele kwa viwiko. Mimi nilibaki nimesimama kwenye matope nikicheka peke yangu, kwa sababu harufu hiyo, kwangu, ndiyo harufu ya siku niliyong'atwa na buibui mkubwa kama ng'ombe nikapewa siku saba za kuishi.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumehama kutoka mabanda ya Mukuru kwa Njenga kwenda Komarock baada ya baba kupata kazi ya kuendesha lori la unga, na wazazi wangu walitembea ndani ya nyumba ile mpya kama watu walio kanisani. Kulikuwa na mfereji wa maji jikoni. Kulikuwa na choo chenye mlango wake. Kitu ambacho hakikuwepo ni watu. Mukuru ukifungua mlango tu unajikuta katikati ya watoto thelathini, utake usitake. Komarock kila nyumba ilikuwa na geti, na kila geti lilikuwa na mbwa au maandishi ya kutisha kuhusu mbwa. Wiki tatu za kwanza za likizo nilizungumza na mama, na mfereji, na kuku wa jirani kupitia tundu la ukuta.

Kisha mama akanituma kununua begi la shule kwa Mama Achieng, nyumba ya geti la bluu, mtaa wa pili. Mama Achieng alileta mabegi ya mtumba kutoka Gikomba, akayafua, akashona zipu zilizokufa, akayauzia sebuleni. Sebule yote ilinuka belo. Kwenye meza ya kulia chakula walikaa watoto wake wawili: Achieng, aliyekuwa na miaka kumi na minne na sauti ya hakimu, na mdogo wake Odhis, wa rika langu, aliyepinga kila kitu hata kabla hakijasemwa. Katikati yao kulikuwa na kitabu kikubwa kisicho na jalada na dadu ya ajabu, yenye pande ishirini, kijani kama peremende. Vyote viwili vilikuwa vimetoka ndani ya begi moja.

Achieng alinitazama akaniuliza kama najua kuhesabu haraka. Nikasema ndiyo. Akaniambia nikae.

Mchezo wenyewe, alivyonieleza, haukuwa na ubao wala kete. Yeye alisimulia: mko kwenye daraja, daraja limevunjika, chini kuna mto. Sisi tulisema watu wetu wanafanya nini. Dadu iliamua kama wameweza. Kila mmoja alikuwa na mtu wake, aliyeandikwa kwenye karatasi pamoja na nguvu zake, akili yake na vitu alivyobeba. Odhis alikuwa jitu lenye shoka. Mimi nilimwandika Ndunge, mpiga upinde, mrefu, asiyeogopa mbwa. Wote wawili tuliwafanya yatima, ili wasiwe na mtu wa kuwauliza wanaenda wapi na wanarudi saa ngapi. Karatasi zetu zililala kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha Achieng, na kwa wiki hizo nilimpenda msichana yule wa penseli kuliko nilivyojipenda mwenyewe.

Kulikuwa na kasoro moja. Kitabu kilikuwa kimepoteza kurasa. Sehemu ya sumu ilikuwepo yote, imeelezwa kwa upendo: sumu ya kugusa, sumu ya kunywa, sumu ya meno na ya ncha za visu, ipi inaua papo hapo na ipi inakula mtu polepole. Ukitiwa sumu unarusha dadu. Ukipata namba kubwa, mwili wako umeikataa. Ukipata ndogo, imeingia, na itakuwa inakutoa nguvu moja kila siku mpaka ziishe. Mwisho wa ukurasa huo kulikuwa na maneno yaliyosema kwamba sumu huondolewa kwa njia zifuatazo. Ukigeuza, ukurasa uliofuata ulikuwa unaeleza jinsi ya kulisha nyumbu.

Kwa hiyo katika dunia yetu sumu zilikuwepo zote, na dawa haikuwepo hata moja. Achieng, ambaye hangekubali dunia yake ikose haki, alitunga sheria: mtu wako akitiwa sumu, nenda ukamtafutie dawa kwa watu wazima wa duniani, uje uieleze. Ikiwa ina maana, itakubaliwa. Na chochote atakachomeza mtu wako, utakimeza wewe, ili watu wasije na dawa za kipuuzi. Odhis alikuwa wa kwanza. Jitu lake lilichomwa na mwiba, akaenda kumuuliza mwenye duka la dawa, akaambiwa kwamba makaa hunyonya sumu tumboni. Alitafuna kipande cha makaa kutoka jikoni kwa mama yake, kilo zote za jitu zikapona, na meno yake yakabaki meusi mpaka Jumatatu.

Jumamosi iliyofuata, Ndunge aliingiza mkono kwenye shimo la pango na buibui akamng'ata. Nilihitaji kumi na moja. Dadu ilizunguka, ikasitasita, ikaonyesha nne.

"We Mutheu, umeisha," Odhis alisema kwa furaha ya kweli.

Ndunge alikuwa na nguvu saba. Achieng alitamka kwamba siku moja ya Komarock ni siku moja ya pangoni, na nguvu ya mwisho ingemtoka Jumamosi ijayo jua likizama. Alisoma habari za buibui yule kwa utulivu wa daktari. Makaa hayangefaa, sumu haikuwa tumboni. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa matumaini: sumu yake inashindwa na kasisi wa ngazi ya saba. Hakuna kati yetu aliyekuwa kasisi. Wote tulikuwa tumechagua silaha.

Nilimuuliza kitatokea nini Ndunge akifa. Hapo Achieng akawa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Binamu yao Lavenda alikuwa anakuja kutoka Kisumu Jumamosi hiyo, kukaa mpaka shule zifunguliwe. Meza ilikuwa na viti vinne, kimoja kilivunjika mguu na kingerekebishwa kama si wiki hii basi ijayo. Vitatu vilikuwa vinakalika. Mtu wangu akifa, mchezo wangu umekwisha, na kiti kingeenda kwa Lavenda. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma sheria.

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na kifo changu mfukoni. Sikumlilia Ndunge peke yake. Nilikililia na kile kiti. Nilikuwa nimejua siku zote kwamba mtu mwenye kiti mahali ni mtu wa mahali hapo, na sasa nilikuwa nimebakiza wiki moja ya kuwa mtu wa mahali popote.

Baba alirudi Jumatatu na lori lake, nikamvamia hata kabla hajavua viatu. Sisi ni Wakamba, watu wa mishale ya sumu, na Odhis alikuwa amenidhihaki akisema sumu ni ya kwetu, niiite tu itarudi. Kwa hiyo nilimuuliza baba dawa ya sumu ya mshale, ile ya babu zake. Alivua kiatu kimoja akakishika mkononi. Aliniambia mzee wake alikuwa akiifunga sumu kwenye mshale kwa ukanda wa ngozi ili isikauke, na kwamba mnyama akianguka walikata nyama pale mshale ulipoingia, wakaitupa, wakala iliyobaki. Nikamuuliza na mtu je.

"Mtu hana dawa," baba alisema. "Ndiyo maana watu walikuwa na adabu."

Nilibaki na kasisi.

Jumatano jioni ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea ibada. Walikuja akina mama kumi na mmoja wa kanisa letu, wakiongozwa na Mama Mbithe, shemasi, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na ngoma. Na alikuja pasta mwenyewe, mtu mwembamba, mwenye suti ya kijivu na subira nyingi. Nilingoja mpaka apewe chai na andazi. Nilijua habari za ngazi kutoka kwenye kitabu: mtu huanza ya kwanza, akifanya mema huongezwa, na kila ngazi humpa uwezo ambao hakuwa nao. Sikuona sababu ya kanisa letu kuwa tofauti. Nikamkaribia nikamuuliza, kwa heshima zote, yeye ni wa ngazi ya ngapi.

Mama alinifinya mgongoni. Lakini pasta alikuwa mtu anayejibu watoto. Aliweka kikombe chini na kuanza kuhesabu kwa vidole. Alianza akifagia kanisa. Kisha akapewa ngoma. Kisha shule ya Jumapili, kisha akawa mwinjilisti, kisha msaidizi wa pasta, kisha pasta.

"Sita," alisema.

Nikamuuliza ya saba ni ipi. Vijiko vikaacha kugonga vikombe. Ya saba, alisema akiangalia andazi lake, ni mwangalizi. Miaka mingi baadaye ndipo mama aliponieleza kwamba nafasi hiyo ilikuwa imepewa mtu mwingine mwezi huohuo, mdogo wake kwa umri, na kwamba hakuna mtu kanisani aliyekuwa amethubutu kuligusa jambo hilo mbele yake. Mimi nilikuwa nimelikalia.

Nadhani ni kwa kujiokoa ndipo alipouliza kwa nini natafuta mtu wa ngazi ya saba. Nikasema ni kwa ajili ya Ndunge. Ameng'atwa na buibui. Sumu imeingia, na kila siku inamtoa nguvu. Amebakiwa na tatu.

Mama Mbithe aliweka chini sahani. Ndunge ni nani, mwanangu? Rafiki yangu, nikasema. Wazazi wake wako wapi? Nikasema ni yatima. Sauti ikapita chumbani, ile sauti ya akina mama wengi wakivuta pumzi kwa pamoja. Analala wapi? Nilisita, kisha nikasema ukweli, kwamba analala chini, lakini Jumamosi atakuwa kwa kina Achieng, geti la bluu. Niapishwe leo, sikusema uongo hata mmoja. Kila jibu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi. Niliwaona wakikosea, nikaona wanakokwenda, na sikuwazuia, kwa sababu walikuwa wanaelekea kule nilikotaka kwenda mimi.

Walimwombea Ndunge kwa nusu saa. Sijawahi kusikia maombi kama yale, kabla wala baadaye. Pasta alianza taratibu, kama mtu aliyeumizwa, kisha akapanda, akasimama, akamkemea buibui yule kwa jina la kabila lake lote. Akina mama walitembea kwenye sebule yetu ndogo wakigonga meza kwa magoti. Walipomaliza, Mama Mbithe alitangaza kwamba Ijumaa watafunga. Nilijificha jikoni nikahesabu kwa vidole: kasisi wa sita, na akina mama kumi na mmoja, na mfungo. Ilionekana kwangu kwamba hesabu hiyo haingeweza kukosa kufika saba.

Jumamosi nilifika mapema. Lavenda alikuwepo tayari, msichana mpole mwenye sketi ya kanisa, amekaa kwenye kochi kati ya mabegi na mfuko wa dagaa wa omena, akikitazama kiti changu bila kujua kwamba anakitazama. Nilieleza kesi yangu. Odhis alisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akasema sita si saba. Nikasema na akina mama je. Akasema akina mama si ngazi. Nikasema mfungo je. Achieng alikuwa ameanza kugeuzageuza dadu, uso wake ukionyesha mateso ya mtu anayetaka kuhukumu kwa haki, na hapo ndipo geti likagongwa.

Walikuwa watano, vitambaa vyeupe kichwani, mama yangu akiwa mbele na kikapu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua: mgonjwa haombewi tu, anatembelewa. Walikuwa wameleta uji kwenye chupa moja, na kwenye nyingine mwarobaini, uliochemshwa tangu alfajiri mpaka ukawa mweusi. Mama Achieng, asiyeelewa chochote, alifanya kile ambacho mwenye nyumba hufanya. Aliwakaribisha, akaondoa mabegi, akakimbilia jikoni kuwasha jiko.

Mama Mbithe aliuliza mgonjwa yuko wapi.

Mimi nilikuwa nasoma maandishi kwenye kiatu changu. Mwishowe Achieng alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na mkebe wa biskuti. Aliufungua, akaitoa karatasi kwa mikono miwili, akaiweka mezani mbele yao kama mtu anayemlaza mtoto. Mama yangu aliinama. Aliutambua mwandiko. Jina, Ndunge. Kazi, mpiga upinde. Nguvu, saba, iliyokatwa, sita, iliyokatwa, hadi moja.

"Mutheu wa Mutisya," mama alisema taratibu, akinitaja kwa jina la baba ili asibaki na lawama peke yake.

Niliijua ile sauti. Nilianza kupima umbali hadi mlangoni. Lakini Mama Mbithe aliinua mkono. Alivuta kiti, kiti changu, akakaa, akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini akifuata kwa kidole. Alisoma alichobeba Ndunge, kamba, mishale tisa, mkate. Alisoma kwamba haogopi mbwa. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mimi sijala tangu jana asubuhi," alisema. "Huyu mtoto atapona."

Ndipo Odhis, msaliti, alipokohoa na kuieleza hadhira sheria ya mchezo: chochote anachomeza mtu wako, unakimeza wewe. Sijawahi kuona uso wa mama yangu ukitulia upesi hivyo. Alifungua ile chupa ya pili. Aliomba kikombe, akaletewa cha plastiki, kikubwa, cha maji ya kuoga mtoto kama ungeniuliza mimi. Alikijaza mpaka ukingoni. Akina mama wakajipanga nyuma yake. Achieng, akirudi katika cheo chake, alitoa hukumu: ngazi moja inayokosekana itafidiwa na dawa hii, mradi inywewe yote, bila kuacha tone na bila kukunja uso.

Watu husema mwarobaini ni mchungu. Hawasemi kwamba uchungu wake una tabaka, kwamba ukidhani umefika chini kuna chumba kingine, na kwamba masikio nayo huonja. Nilikunywa nikimtazama mama, naye akinitazama. Machozi yalishuka yenyewe lakini uso sikuukunja. Niliufanya jiwe. Nilipogeuza kikombe, tone moja lilining'inia ukingoni, Odhis akaligundua, nikalilamba.

Achieng alirusha dadu ambayo haikuwa na haja ya kurushwa, hakuiangalia, akasema, "Ndunge amefungua macho."

"Amina," mmoja wa akina mama alisema kabla hajajizuia.

Sikungoja kusikia zaidi. Tumbo langu lilikuwa na hukumu yake. Nilikaa chooni muda mrefu, paji la uso kwenye ukuta wa baridi, nikisikia vicheko vikianza huko sebuleni, kwanza kimoja, cha kukohoa, kisha vyote. Nilisikia sauti ya mama yangu ikiuliza hilo pango lina milango mingapi.

Niliporudi, viti vilikuwa vimejaa. Mama Mbithe alikuwa bado kwenye changu, bakuli la uji wa mgonjwa mkononi, akinywa kwa haki. Mama alikuwa kwenye cha pili. Lavenda alikuwa kwenye cha tatu. Nilisimama katikati ya chumba, mdomo mchungu kama talaka, nikaelewa kwamba nimemponya Ndunge na bado nimekosa pa kukaa.

Mama Achieng alipita nyuma yangu na sinia la vikombe. Hakunitazama hata kunitazama.

"Mutheu, toa ile ndoo nyuma ya mlango uikalie," alisema. "Viti ni vya wageni."

Ndipo nilipowaona. Achieng alikuwa amepiga magoti kwenye mwisho wa meza, kitabu mbele yake. Odhis alikuwa amekalia kreti ya soda, magoti yamefika kidevuni. Mama yangu mwenyewe alikuwa mgeni katika nyumba ile. Lavenda, damu yao, alikuwa mgeni. Nilienda nyuma ya mlango, nikaitoa ndoo, nikaipindua, nikaiburuta mpaka kati ya kreti na meza, na chuma chake kikanichoma mapajani vizuri kabisa.

Odhis alisogea kidogo, akanisukumia dadu.

"Cheza," alisema. "Buibui bado yuko."